Mashine Yetu, Fedha za Kaka Yangu

Shangazi, shikamoo.

Ninaishi katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Singida, nina umri wa miaka 34, nimeolewa na nina watoto watatu. Naomba usitaje jina langu wala la kijiji, kwa kuwa jambo ninalokuandikia limeshaingia ndani ya familia yetu na sitaki lisambae zaidi.

Mwaka 2013 mama yangu mdogo aliwakusanya wanawake 24 chini ya mkuyu ulio nyumbani kwake, tukaanza kuweka hisa za shilingi 2,000 kila Jumamosi. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, na kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nilipewa ukatibu. Fedha tuliziweka katika kasha la mbao lenye kufuli tatu, na funguo zilishikwa na wanawake watatu wa nyumba tofauti ili asiwepo hata mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Tulikopeshana, tulisomesha watoto, tulizikana. Mwaka 2018 tulikubaliana kutogawana faida, tukanunua mashine ya kukamua alizeti kwa shilingi milioni 14. Jengo tulilijenga kando ya barabara, katika kiwanja cha mama mdogo, tukibeba maji na mawe wenyewe, na lilitugharimu kama milioni 9. Mwaka 2022 tulipata mkopo wa halmashauri usio na riba, tukavuta umeme wa njia tatu na kununua mizani. Mkopo huo bado tunadaiwa milioni mbili na nusu, na benki tuna milioni nne na laki mbili.

Tatizo letu ni kwamba mavuno yakifika, magunia yanapangwa hadi barabarani na mashine moja haitoshi. Watu husubiri siku tatu, wengine hukata tamaa na kupeleka alizeti yao mjini. Mafuta yetu hayachujwi vizuri na wateja wa Dodoma wanalalamika. Tena, wakati bei ya alizeti iko chini hatuna fedha za kununulia, na tunapopata fedha bei imeshapanda. Tumepiga hesabu kwamba tunahitaji milioni 16 kwa mashine ya pili na chujio, na milioni 14 za kununulia alizeti wakati wa mavuno, jumla milioni 30.

Hapo ndipo kaka yangu alipoingia. Anafanya biashara Dar es Salaam, na ndiye aliyenilipia ada baada ya baba kufariki. Amesema atatoa milioni 30 zote, kwa sharti kwamba tuachane na mambo ya kikundi na kusajili kampuni, yeye awe na asilimia 60 na sisi wanawake wote tuwe na asilimia 40. Anasema hawezi kuweka fedha zake mahali ambapo watu 22 wanapigia kura bei ya dumu la mafuta.

Kikundi kimegawanyika. Wanawake tisa wanamkubali kaka. Wanane wanataka tusajiliwe kuwa chama cha ushirika, baada ya afisa ushirika wa wilaya kuja kutueleza. Watano, nami nikiwa mmoja wao, hatujasema lolote. Mama mdogo, ambaye ni mwenyekiti, ni kati ya hao watano kwa hesabu ya kura, lakini kwa mdomo amekataa yote mawili. Neno ushirika hataki hata kulisikia. Baba yake, yaani babu yangu, alipeleka pamba yake chamani mwanzoni mwa miaka ya 1990, akapewa stakabadhi, na hakulipwa hadi alipofariki. Stakabadhi hiyo mama mdogo ameihifadhi katika kopo la majani ya chai, na katika mkutano uliopita aliitoa, ikapita mkono kwa mkono huku hakuna aliyesema neno. Anataka tubaki kama tulivyo, na amekumbusha kwamba kiwanja ni chake.

Yapo na mengine. Kati ya wale 24, wawili wamefariki. Binti wa mmoja alichukua nafasi ya mama yake. Wa pili hakuna aliyekuja, nasi hatukuuliza. Mwingine alihamia Dodoma na sasa ametuma ujumbe akitaka sehemu yake. Katiba yetu ya kurasa tatu haisemi chochote kuhusu hayo.

Lililoniondolea usingizi ni kwamba mwanachama mmoja alisimama mbele ya wote akasema nimemleta kaka yangu aje kununua jasho la wenzangu. Jioni ile ile kaka alinipigia simu akasema kwamba nikishindwa kuwashawishi wanawake wa kijijini kwetu, basi alinisomesha bure.

Shangazi, tufuate kampuni au ushirika? Nami je, nijiuzulu?

Katibu, Singida

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu umeniuliza swali moja lakini umeniletea manne. Kuna swali la mali: vitu mlivyonavyo leo ni vya nani hasa? Kuna swali la fedha: milioni 30 zipatikane wapi, na kwa gharama gani? Kuna swali la umbo: mjisajili kama nani mbele ya sheria? Chini ya yote kuna deni lako kwa kaka yako, ambalo halimo katika daftari lolote la kikundi, ingawa ndilo linalokunyima usingizi. Ninyi mmeanza na swali la tatu. Naomba nikurudishe kwanza kwenye lile la kwanza, kwa maana mkichagua umbo kabla ya kujua mali ni ya nani, mtahamishia ugomvi wenu kwenye karatasi zenye mhuri.

Kikundi kama chenu, hata kikiwa kimesajiliwa halmashauri na kina akaunti benki, kwa kawaida si mtu mbele ya sheria. Kampuni ni mtu. Chama cha ushirika kilichosajiliwa ni mtu. Kila kimoja kinaweza kumiliki ardhi, kushitaki na kushitakiwa kwa jina lake. Kikundi ni jina la watu waliokubaliana, na mali yake hushikwa na watu hao au na mmoja wao kwa niaba ya wenzake. Ndiyo maana kiwanja kinanitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote katika barua yako. Jengo la milioni 9 limesimama juu ya ardhi ya mtu mmoja, nawe hukunieleza kama ipo hata karatasi moja inayosema mlikubaliana nini. Mama yako mdogo akifariki, Mungu amwepushie mbali, warithi wake wataikuta ardhi ya mama yao ikiwa na jengo juu yake, na hawatalazimika kukumbuka nani alibeba maji na nani alibeba mawe.

Umeliandika neno lake, kwamba kiwanja ni chake, kana kwamba ni kitisho. Inawezekana ni hivyo. Lakini tangu mwaka 2018 ametoa ardhi yake kando ya barabara, na katika hesabu ulizoniletea sikuona kodi wala shukrani iliyoandikwa. Je, mmewahi kumuuliza alikitoa kiwanja kama zawadi, kama mkopo, au kama mchango wake wa hisa? Majibu hayo matatu yana matokeo tofauti kabisa. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hakimiliki ya kimila iandikwe kwa jina la mtu au la watu kadhaa kwa pamoja, na ofisi ya kijiji ndipo mahali pa kuanzia. Swali hilo linastahili kuulizwa na mtu anayempenda, nyumbani kwake, kabla halijaulizwa mkutanoni na mtu anayemshuku.

Vivyo hivyo kwa wale wawili waliofariki na yule aliyehamia Dodoma. Yeyote atakayekuja kuwekeza kwenu, awe kaka yako au benki, atauliza wenye mali ni wangapi, nanyi hamwezi kujibu 22, wala 24, bila kusitasita. Daftari la Jumamosi za mwaka 2013 hadi 2018, lile lenye shilingi 2,000 za kila mmoja, ndilo ushahidi mkubwa mlionao. Lilinde.

Sasa tuje kwenye umbo. Ukiyavua majina yake, kila shirika linatofautiana na jingine kwa majibu ya maswali matatu: nani anaamua, nani anachukua kinachobaki, na nani anabeba hasara. Mkisajili jina la biashara tu kwa ubia, mtaamua kama mlivyokubaliana wenyewe, lakini hasara ikizidi, mdai anaweza kuwafuata wabia hadi kwenye mali zao binafsi. Mkiwa asasi isiyo ya kiserikali hamtaweza kugawana faida, na ninyi mnataka kugawana faida. Hayo mawili nayaacha hapo.

Katika kampuni yenye hisa, kura hufuata hisa. Anayebaki na faida ni mwenye hisa, kwa kadiri ya hisa zake, na hasara yake kwa kawaida huishia kwenye kile alichoweka. Maamuzi ya kawaida, kama kuteua au kuondoa wakurugenzi, hupita kwa wingi wa zaidi ya nusu ya kura. Yale mazito, kama kubadili katiba ya kampuni, huhitaji azimio maalumu la angalau robo tatu. Kwa hiyo kaka yako akiwa na asilimia 60 ataweza kuchagua nani aongoze kiwanda kila siku ya mwaka, lakini hataweza kubadili katiba peke yake. Ninyi wenye 40, mkisimama pamoja, mtaweza kuyazuia yale mazito ila hamtaweza kuamua yale ya kila siku. Ona pia neno hilo, mkisimama pamoja. Asilimia 40 ikigawanywa kwa watu 24, kila mmoja anabaki na asilimia moja na sehemu saba ya kumi. Mwanamke mmoja mmoja hatakuwa na nguvu ya kuzuia jambo lolote.

Halafu tazama hesabu ya kaka yako yenyewe, maana imebeba jambo ambalo huenda hata yeye hakukusudia kulisema. Mtu anayetoa milioni 30 kwa asilimia 60 amesema kwamba kampuni nzima, baada ya fedha zake kuingia, ina thamani ya milioni 50, na hivyo kile mlichonacho leo kina thamani ya milioni 20. Je, ndivyo? Mashine milioni 14, jengo milioni 9, benki milioni nne na laki mbili. Ukitoa deni la halmashauri, unapata karibu milioni 24 na laki saba, bila kuhesabu mizani, umeme, kiwanja, wala wateja wanaosubiri siku tatu kwa sababu wanawaamini. Ni kweli kwamba mashine imechakaa na haiuziki tena kwa bei ya mwaka 2018, kwa hiyo sisemi kwamba anawapunja. Nasema kwamba bei imetajwa bila mtu yeyote kuthamini mali, na wale wanawake tisa wamekubali bei ambayo pengine hawajui kwamba imetajwa.

Kampuni ina faida zake, nami sitaki uione kama nyumba ya mtu mmoja. Kaka yako ana hoja ya kweli kuhusu watu 22 kupigia kura bei ya dumu. Biashara ya mafuta inahitaji maamuzi ya siku hiyo hiyo. Kampuni inaweza pia kuwa ya wengi: huko Kenya wakulima wadogo wa chai, ambao ni mamia ya maelfu, wana hisa katika makampuni ya viwanda vyao, na viwanda hivyo ndivyo vyenye hisa katika KTDA, shirika la kusimamia chai ya wakulima wadogo, lililoanza mwaka 1964 kama mamlaka ya Serikali na kugeuzwa kuwa kampuni binafsi mwaka 2000. Wamefika mbali, na bado wamegombana kwa miaka mingi kuhusu nani anawaongoza na bonasi inakokotolewaje. Umbo la kampuni halikuwaletea ugomvi huo, wala halikuwazuia kuupata. Kwenu ninyi, mkumbuke pia kwamba kampuni hulipa kodi ya mapato ya asilimia 30 ya faida, kisha gawio likitoka hukatwa asilimia 10, na kwamba kila mwaka kuna taarifa za kupeleka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na mahesabu ya kukaguliwa. Jambo moja zaidi, ambalo katika familia huwa hatulisemi: hisa hurithiwa. Leo unamjua mwenye asilimia 60, kwa kuwa mlinyonya ziwa moja. Siku moja zitakuwa za mkewe na watoto wake, ambao pengine hawajawahi kuuona huo mkuyu.

Nakuja kwenye ushirika, na hapa nataka kwanza kumheshimu mama yako mdogo. Ile stakabadhi katika kopo la majani ya chai inaeleza jambo lililowapata wakulima wengi wa nchi hii. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika na kuzipa mamlaka za mazao kazi za vyama hivyo. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Kisha soko la mazao likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika miaka ya 1990, likavikuta vyama vingi vimeelemewa na madeni na uongozi usiowajibika kwa mkulima. Babu yako alipeleka pamba, akapata karatasi. Anayemwambia binti yake kwamba mambo yamebadilika anapaswa kumweleza kwa ukamilifu ni nini kimebadilika, na asikasirike akiulizwa mara ya pili.

Hata hivyo ningependa umuulize kwa upole kama alichokikataa ni ushirika, au ni chama kikubwa kilichokuwa mbali na macho yake. Kasha lenu la kufuli tatu, funguo katika nyumba tatu, kura moja kwa kila mwanamke bila kujali ana hisa ngapi: hayo yote ameyaanzisha yeye, na hayo ndiyo mazoea ya ushirika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao kikuu, KNCU, mwaka 1933, na kimepita katika misukosuko yote niliyoitaja kikiwa na sifa na makosa yake. Chama kilichosajiliwa leo chini ya sheria ya mwaka 2013 kinakuwa mtu kisheria, kinasimamiwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika, na hesabu zake hukaguliwa. Kwa wengine usimamizi huo ni kinga. Kwa wengine ni mkono wa Serikali mezani. Una sura zote mbili, na itategemea sana kama ninyi wenyewe mtakuwa mnazisoma hesabu au mtamwachia mkaguzi.

Lakini wale wanane wanaotaka ushirika, je, wameelezwa yote? Uanachama wa ushirika ni wa hiari na mlango wake uko wazi kwa wenye sifa. Mkulima wa alizeti wa kijiji jirani, mwanamume hata, akikidhi masharti ataomba kuingia, na hamtakuwa na uhuru wa kumkatalia kwa sababu tu hakubeba mawe mwaka 2018. Ziada ya mwaka nayo, baada ya akiba kutengwa, kwa desturi ya ushirika hugawanywa zaidi kwa kufuata jinsi kila mmoja alivyokitumia chama, yaani magunia aliyoleta, kuliko kwa kufuata hisa. Sasa fikiria yule bibi miongoni mwenu ambaye hana tena nguvu ya kulima. Simjui, lakini katika wanawake 24 walioanza pamoja mwaka 2013 hakosi kuwapo. Aliweka shilingi 2,000 zake kila Jumamosi kwa miaka mitano, na leo hana gunia hata moja la kuleta. Mtamweka wapi? Katika kampuni hisa yake ingemtunza hata akiwa kitandani. Katika ushirika itabidi mkae chini mwandike utaratibu wa kulipa mchango wake wa zamani.

Nimefika kwenye fedha, ambapo naona mlango ambao hamjaugusa. Milioni 30 zenu ni fedha za namna mbili zilizofungwa katika kifurushi kimoja. Milioni 16 za mashine na chujio zitakaa humo kwa miaka. Hizo zinahitaji fedha zenye subira. Milioni 14 za kununulia alizeti zinatoka wakati wa mavuno na kurudi ndani ya miezi michache, mafuta na mashudu yakishauzwa. Mkiuza umiliki wa kudumu ili kupata fedha ambazo zingerudi ndani ya msimu mmoja, mtakuwa mmelipia gharama kubwa sana. Mkopo una siku yake ya mwisho, na ukishalipwa mdai anaondoka. Mwenye hisa haondoki, na hapaswi kuondoka, kwa sababu amekubali kuumia nanyi.

Kwa hiyo inafaa mmuulize kaka yako kama yuko tayari kuja kwa sura nyingine. Anaweza kuwakopesha kwa mkataba, kwa riba au bila riba. Anaweza kununua mashine ya pili yeye mwenyewe, ikabaki mali yake, nanyi mkamlipa kwa kila gunia linalokamuliwa. Hata ndani ya kampuni mnaweza kupanga hisa za aina mbili, ambapo yeye analipwa gawio kabla ya wengine lakini hana kura katika mambo ya kawaida, au mkaandika kwamba mnayo haki ya kununua hisa zake polepole kwa bei itakayokokotolewa kwa njia mliyokubaliana leo. Nje ya familia ipo tena ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Fedha hizo zimewekwa kwa ajili ya vikundi. Mkigeuka kuwa kampuni yenye mwanamume mwenye asilimia 60, msitarajie kwamba mlango utabaki wazi kama ulivyokuwa. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii kabla ya kusaini, na mmuulize pia deni la milioni mbili na nusu litahamia kwa nani. SIDO, shirika la Serikali la kuendeleza viwanda vidogo, nao wana uzoefu na mashine za kukamua, na ziara ya siku moja ofisini kwao mkoani haitawagharimu zaidi ya nauli.

Siufanyi mkopo kuwa rafiki wa kila mtu. Singida mnaijua mvua yenu. Mwaka ambao alizeti imekauka shambani, mwenye hisa atavumilia bila gawio, lakini mkopo utadai rejesho lake, na mdai akiwa ni kaka yako atadai akiwa amekaa sebuleni kwa mama yenu. Kuna familia zilizovunjika kwa sababu ya hisa na kuna zilizovunjika kwa sababu ya mkopo usioandikwa. Pima ni uzito upi ninyi mnaweza kuubeba katika mwaka mbaya, maana katika mwaka mzuri kila mpango unapendeza.

Kubaki kama mlivyo, kama anavyotaka mama mdogo, nako ni uamuzi, na hakustahili kudharauliwa. Mngeweza kuchukua msimu mmoja mzima bila kusajili kitu kipya, mkaandika katiba upya, mkamaliza suala la kiwanja na la waliofariki, mkamlipa yule wa Dodoma au mkakubaliana naye, mkathamini mali. Hatari yake ni kwamba magunia yataendelea kwenda mjini, na subira ya kaka yako inaweza kuisha.

Sasa wewe mwenyewe, mwanangu. Uliposikia maneno ya yule mwanachama aliyesema umemleta kaka yako kununua jasho lao, moyo wako uliumia kwa sababu hukuwa na nia hiyo, nami nakuamini. Lakini jiulize kama hofu yake ni ya haki hata kama shutuma yake si ya haki. Wewe ni katibu. Unaandika muhtasari, unahesabu kura, na mmoja wa wanaoomba kununua ni ndugu yako wa tumbo moja. Kujiuzulu ni njia mojawapo, lakini itawaacha bila mtu anayeyajua madaftari wakati wanapoyahitaji zaidi, na wengine wataisoma kama kukiri kosa. Njia nyingine ni kusimama mbele yao, ukaueleza uhusiano huo ukaandikwa katika muhtasari, kisha ukamwachia mwenzako kalamu na hesabu ya kura katika kila kikao kinachojadili ombi la kaka yako. Huenda zipo njia nyingine ambazo mimi, nikiwa mbali, sizioni.

Kuhusu kaka yako, neno lake kwamba alikusomesha bure limenigusa. Ada aliyolipa ni deni la kweli, na ni vyema unalihisi. Lakini alikulipia wewe. Hakuwalipia wale wengine 23. Ukimlipa fadhila yako kwa mali yao, utabaki na madeni mawili badala ya moja. Inawezekana kabisa kwamba hajawahi kuliona hivyo, na kwamba nyuma ya ukali wake kuna hofu ya mtu aliyekusanya milioni 30 kwa miaka mingi na anaogopa kuzipoteza kijijini kwao mbele ya watu wanaomjua. Mmewahi kukaa naye, wewe na mama mdogo ambaye kwake ni mama pia, mkamwonyesha daftari la Jumamosi ukurasa kwa ukurasa? Kabla ya mkutano mwingine wowote ningependa akalione lile kasha, na ningependa mama yako mdogo amwonyeshe yeye mwenyewe ile stakabadhi ya babu yenu.

Niandikie baada ya hapo, uniambie mama mdogo alisema nini kuhusu kiwanja.